Nywele za Juu ya Sikio la Doudou

Bi Guizhen hakumwamini mtu. Muuza samaki akimpimia, yeye hutazama vidole vyake kwanza, mizani baadaye. Ndiyo maana mjukuu wake Doudou alipotimiza mwezi na siku ya kunyolewa ikafika, alitoka kijijini mpaka mjini Huzhou, nyumbani kwa mwanawe, na kitambaa chake mwenyewe chekundu cha kukingia nywele. Asingekubali upotee hata unywele mmoja. Nywele za kwanza ndizo zinazotengenezewa brashi ya kuandikia ya mtoto, maana ncha zake hazijaguswa na wembe. Zinazoota baadaye ni butu, hazifai kitu. Brashi ya mwanawe ingali kabatini kwake, na ya Doudou alikwisha kuichagulia mpini.

Kinyozi, Mzee Xi, akamvua mtoto kofia.

"Eh! Huyu keshanyolewa. Tazama hapa."

Juu ya sikio la kushoto palikuwa na upara mdogo, vinyweleo vikianza kuchomoza.

"Nani kamtia wembe mjukuu wangu?" Bi Guizhen akauliza.

Peiwen, mke wa mwanawe, aliyempakata mtoto, akajitia kukunja nepi. Mama mzazi wa Peiwen, Bi Shen, aliyekaa humo mwezi mzima akimhudumia bintiye, akakimbilia jikoni kuangalia mayai mekundu ya sherehe ya mtoto, yaliyoiva tangu asubuhi.

Kumbe mwizi ni huyu! Mtu analala na mtoto mwezi mzima, ashindwe kujikatia fungu lake? Labda brashi yenyewe iko kwao tayari. Na lile tabasamu lake la kila saa, Bi Guizhen hakulipenda tangu siku ya harusi.

Aliingia chumbani akaupekua mkoba wa Bi Shen bila haya. Chini ya soksi palikuwa na karatasi nyekundu iliyokunjwa. Akachungulia: nywele. Akatoka nayo sebuleni ameiinua juu.

"Nilijua! Mnaniona mjinga wa shamba, siyo?"

"Ifungue yote, dada," Bi Shen akasema kutoka mlango wa jikoni. "Usiishie nusu."

Chini ya nywele palikuwa na ukanda wa plastiki wa mkononi, mdogo mno, wa hospitali, umeandikwa jina la Doudou.

"Alishikwa na homa kali hata wiki mbili hajatimiza," Bi Shen akaeleza. "Mishipa ya mikono haionekani, nesi akamnyoa hapo, akamtundikia dripu kichwani. Mimi nikawa naokota nywele kitandani, nesi ananicheka. Nikasema, brashi ya bibi yake isipungue. Nilikuwa nangoja wasaa nikupe."

Bi Guizhen akaugeuza ule ukanda, akalisoma jina tena. Mtoto alikuwa kitandani hospitali, na yeye kijijini akichagua mpini.

"Mbona hamkuniambia?"

Peiwen akainua uso. "Ungesema ni mimi nimemlea vibaya, Mama. Ungesema mpaka leo."

Bi Guizhen alitaka kukana, akashindwa, maana kweli angesema, tena majirani wakisikia. Aibu ikamjaa. Akaiweka ile karatasi juu ya kitambaa chake, akanyoosha mikono.

"Nipe nimshike, Mzee Xi amalize."

Peiwen akamkumbatia mtoto, akamtazama mama yake kwanza, kama anayeuliza ampe au asimpe.