Sauti ya Juu ya Kengele

Basi sikia habari za Kengele. Si jina la kwenye cheti hilo, ni la utani. Alipewa darasa la tatu, maana akicheka yeye, mwalimu wa darasa la jirani anachungulia kuona kuna nini. Mama yake alikuwa mpiga pasi kwa dobi, na Kengele alikulia chumba cha nyuma, katikati ya mashuka yanayoning'inia, mvuke mpaka kuta zinatoka jasho.

Humo ndimo kikundi kilimozaliwa. Wasichana watatu, hata gitaa hawana, ni midomo yao tu. Bosi, mkubwa wao, aliimba sauti ya kati. Tembo, mwembamba kama njiti ya kiberiti, ndiye mwenye sauti nzito. Kengele juu. Mama aliwaambia, "Imbeni mpaka mchoke, ila atakayegusa shuka jeupe atalifua kwa machozi."

Wakapata studio. Wimbo wao ulikuwa na mahali karibu na mwisho ambapo Kengele anapanda peke yake, juu, juu tena, wenzake wamenyamaza. Walipaita ngazi. Siku ya kurekodi, fundi wa studio alimpandisha ngazi ile zaidi ya mara arobaini.

"Kaka, si ile ilikuwa nzuri?"

"Nzuri ilikuwa. Mimi nataka ya kumfanya dereva aegeshe gari kwanza. Tena."

Akaipata. Wimbo ukatoka, na kabla mwezi haujaisha uko kwenye kila redio, kila simu, kila kinyozi. Wakaitwa kwenye onyesho kubwa, ukumbi wa maelfu, Jumamosi, wiki tatu mbele.

Shida ni kwamba tangu siku ile ya studio koo la Kengele lilikuwa linakwaruza. Hakumwambia mtu. Akajikaza kisabuni, akaamua kuipumzisha sauti kwa njia aliyoijua mwenyewe: kunong'ona. Wiki mbili nzima, mchana na jioni, ni mnong'ono tu.

"Umeiba nini wewe?" mama akamuuliza.

"Mwache, mama," Tembo akasema. "Staa huyo. Sisi anatuongelesha kwa robo sauti."

Wakacheka. Kengele naye akacheka, bila sauti.

Alhamisi akaenda peke yake kwa daktari wa koo. Daktari, mama mtu mzima, akampitisha mpira mwembamba puani, akaangalia kwenye kioo cha mashine.

"Nani alikwambia unong'one?"

"Nilikuwa naipumzisha."

"Mwanangu, kunong'ona ni kuzidi kuikwaruza. Kupumzisha ni kunyamaza." Akamweleza: nyuzi za sauti zimeota vinundu, na uzi mmoja unavuja damu. Akiimba Jumamosi, huenda asiimbe tena maishani.

"Huenda, au kweli?"

"Huenda."

Kengele akalishika lile huenda kwa mikono miwili. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walishasema, lakini wahenga hawakuwahi kuitwa kwenye ukumbi wa maelfu wakiwa na miaka kumi na saba.

Jumamosi akaimba. Mwanzo ukaenda, kiitikio kikaenda. Wakafika kwenye ngazi. Wenzake wakanyamaza, akavuta pumzi, akapanda, na ndani ya shingo akasikia kitu kama kitambaa kinachanika. Mdomo wazi, sauti hakuna.

Watu wakadhani amewaachia wao. Ukumbi mzima ukampandia ngazi ile, maelfu kwa pamoja. Bosi akalia kwa furaha. Kengele naye machozi yakamtoka, na ile picha yake ikazunguka nchi nzima: staa aliyelizwa na upendo wa mashabiki. Hivyo ndivyo alivyokuwa maarufu, yaani maarufu kweli, wa kusimamishwa njiani apigwe picha.

Akapasuliwa. Akakaa kimya miezi mitatu. Sauti ya kuongea ikarudi, nzito, ina mikwaruzo. Ya kuimba haikurudi.

Bosi alikuja mwenyewe, hakutuma ujumbe. Akakaa juu ya kapu la nguo.

"Mdogo wangu, tuna maonyesho tisa."

"Najua. Mmepata mtu?"

"Tumepata. Binti wa kwaya. Ana sauti, ila ngazi inamshinda." Bosi akaangalia vidole vyake. "Nashindwa hata kukuomba."

"Mlete."

Wakamleta kesho yake, wakasimama katikati ya mashuka, yeye na Bosi na Tembo. Kengele akamwekea binti mkono tumboni. "Hewa usiivutie kifuani, ishushe huku. Na usiikimbilie ile ya mwisho. Iache ikufuate." Mama alikuwa pembeni anapiga pasi mkono wa shati uliokwisha kunyooka zamani.

Mara ya kwanza binti akakosea. Kengele akajisikia vizuri, na akaona aibu kujisikia hivyo. Mara ya pili akaomba moyoni akosee tena.

Hakukosea. Alipanda mpaka juu kabisa, safi, akakaa huko. Tembo akageukia ukutani.

"Dada, ndiyo hivyo?" binti akauliza.

Kengele mkono wake bado ulikuwa tumboni kwa yule binti, sauti ilikuwa imepita chini ya kiganja chake.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Rudia, ili ujue hukubahatisha."