Bega la Odell

Harlan Tidmore alipostaafu uchomeleaji kule Alabama, alinunua boti ya mbio ya kuvulia samaki aina ya besi. Yeye na kaka yake Odell walikuwa jozi kwenye mashindano ya kuvua samaki ziwani tangu ujanani, na alitaka wawe wa kwanza kufika penye samaki.

Odell aliwahi kumiliki boti kama hiyo. "Ikishika kasi itaanza kuyumba kulia na kushoto," alimwonya. "Usiachie mafuta ghafla. Itulize kwa usukani, kidogo kidogo. Twende nikufundishe."

"Mimi nifundishwe kama mtoto, gati zima linatazama?"

"Unashika usukani kama umemkaba kuku, dogo."

Harlan alikataa. Asubuhi ya mashindano boti ilianza kuyumba, naye kwa hofu akaondoa mguu wote kwenye mafuta. Pua ikazama, boti ikageuka, Odell akarushwa majini. Bega la mkono wake wa kurushia ndoana likavunjika.

Baada ya hapo Harlan alifanya mazoezi peke yake, mpaka boti ikamtii. Msimu mpya ulipoanza, alimfuata Odell gatini.

"Sasa naiweza, kaka. Kiti chako kipo."

"Najua. Nilikuona juzi ukipita, imetulia kama meza." Odell aliinua mkono, ukaishia kifuani. "Umejifunzia bega langu, Harlan. Tafuta mwingine."

Akaenda kupanda boti kuukuu ya jirani yake, ambako kazi aliyopewa ilikuwa kushika wavu wa kuopolea samaki walionaswa na mwenzake.