Kapteni Niliyemzika Kasulu

Naandika haya masikio yangu yakiwa bado ya moto. Jumamosi nilikuwa kwenye majaribio ya kutafsiri filamu kwa kipaza sauti, katika kibanda cha video cha Mzee Shabani hapa Kasulu. Ningefaulu, ingekuwa kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo.

Ilikuwa filamu mpya ya mfululizo wa vyombo vya angani ambao wateja wake wanaupenda sana. Nyumbani niliitazama nusu tu, umeme ukakatika. Nilielewa kwamba historia imevurugwa, maisha yameanza upya kwa njia nyingine, na kapteni ni yuleyule ila sasa anaigizwa na kijana. Nikawaza mno. Je, nikiwaeleza hayo yote, wakisema nawachanganya? Basi taa zilipozimwa nikatangaza, "Kapteni mzee amefariki. Huyu ni mwanawe, amerithi chombo."

"Jamani, alikuwa mtu mwema," akasema Mama Furaha, muuza maharage, aliyekaa mbele. Watu wakaguna kwa huzuni. Mzee Shabani akaitikia kwa kichwa.

Nikanogewa. Nikaongeza ugonjwa, nikaongeza na mazishi.

Kisha mlango wa chombo ukafunguka. Akaingia kapteni mzee, sura ileile ya zamani, akitokea kwenye yale maisha ya awali, kabla historia haijavurugwa, akaanza kuzungumza na kijana. Nikashusha kipaza sauti.

Mama Furaha akageuka taratibu. "Mwanangu, huyu si ndiye tuliyemlilia?"

Mzee Shabani akawasha taa.

"Mtafsiri," akasema kwa upole, "hebu tuambie marehemu anasema nini."