Soseji Zilizokwenda Pugu

Joto la Januari pale Yombo halimruhusu mtu kupika ndani. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na saa nne asubuhi bati lilikuwa limeshaanza kupasha kila kitu, hata maji ya ndoo. Kwa hiyo siku nilipoamua kumkaribisha shangazi wa mwalimu, niliamua papo hapo kwamba tutakula uani na kwamba sitapika. Nitachoma. Soseji, mboga na mikate ya kusindikizia, basi. Chakula cha mtu asiyetaka kutokwa jasho mbele ya wakwe.

Mwalimu alikuwa anafundisha darasa la tatu, mitaa miwili kutoka kwangu. Tulikutana dukani, yeye akibishana na muuza sukari juu ya mizani, mie nikiwa nimeitwa kuitengeneza mizani hiyohiyo. Ndiyo kazi yangu, fundi mizani, na imenizungusha nchi hii zaidi ya miaka ishirini: nimetoka Tabora nilikozaliwa, nikaenda Kahama, Mwanza, Tunduma, Mtwara, popote watu wanapopima kitu. Kila mji ninaukumbuka kwa kilichochomwa. Mwanza ni sato aliyepakwa ndimu, Mtwara ni pweza, Tunduma ni mahindi tuliyokuwa tunakulaga tumesimama, baridi ikituuma masikio. Nikikaa mahali miezi minane miguu inaanza kuwasha. Mwalimu alinijua hivyo na bado alinitaka. Lakini wazazi wake walishafariki, shangazi yake wa Pugu ndiye aliyemlea, na neno lilikuwa la shangazi.

"Akikukubali, lete barua ya posa," aliniambia. "Akikukataa, mie simo. Sitaki kuolewa kwa kujificha."

"Atanikubali."

"Usiwe na uhakika. Wewe umheshimu tu. Umheshimu sana."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikwenda Mabibo, sokoni, ambako mizani nyingi nazijua kuliko ninavyojua wenyewe. Nilinunua hoho za kijani na nyekundu, vitunguu, biringanya mbili zinazong'aa kama viatu vya harusi, nyanya chungu, na bamia changa ambazo muuzaji alizivunja ncha moja moja kunionyesha kwamba hazijakomaa. Nilikuwa nimelewa furaha. Nilimwambia muuza bamia kwamba leo ninaposa. Akaniongeza bamia. Nilimwambia na muuza vitunguu, huyo hakuniongeza kitu, akasema tu nisisahau kuosha mikono. Soseji nilichukua pakiti mbili, za ng'ombe, zenye muhuri wa halali. Nilipofika nyumbani nilizitoa, nikaiosha pakiti moja kwa sabuni, nikaianika kwenye kamba na kibanio cha nguo ili shangazi aone muhuri kwa macho yake, asije akala na wasiwasi.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mchonga vinyago aliyetoka kusini, alikaa kwenye kigoda chake akinitazama.

"Braza, siku hizi unafua mpaka pakiti?"

"Ushahidi huo."

"Wa kesi gani?"

"Napeleleza ndoa."

Akacheka, akaniletea kiganja cha vipande vya mpingo vilivyobaki kwenye kazi yake, akasema nivitupie kwenye mkaa, moto utakaa. Jiko langu lilikuwa ringi ya gari iliyowekwa juu ya matofali, na wavu wa chuma niliochomelewa na fundi wa mtaani. Nilivitupia vyote. Mpingo ni mgumu kushika moto, lakini ukishashika haujui mzaha. Nilipopanga soseji sita za kwanza kuangalia jiko linavyokwenda, zilivimba, zikapiga kelele, kisha zikafunguka kwa urefu kama viatu vilivyoachia gundi. Mafuta yakadondoka, moto ukaruka mpaka usawa wa kamba, na pakiti yangu ya ushahidi ikajikunja, ikawa kitu cheusi kidogo kinachoning'inia kwenye kibanio.

"Kesi imefutwa," jirani alisema.

Tukala zile sita zilizopasuka, tukaungua ndimi sote wawili, tukacheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu na nilikuwa na furaha ya mtoto aliyepewa baiskeli. Kisha nikachomoa mpingo kwa koleo, nikautandaza mkaa, nikazitoboa soseji zilizobaki kwa sindano ya kushonea magunia na kuzichemsha kidogo kwanza. Mboga nilizikata kubwa kubwa, nikazipaka mafuta, chumvi na ndimu, bamia nikazitunga nne nne kwenye vijiti ili zisidondoke. Ilipofika saa kumi na moja, uani kote kulinukia hoho inayobabuka ngozi. Jirani akaingia ndani kwake, akisema hataki kuonekana kwenye picha za kesi.

Shangazi alikuja na mwalimu, kwa bajaji. Alikuwa mama mfupi mpana, khanga mbili, ndala za kijani, na mwendo wa mtu anayekagua shamba lake. Nilimwamkia huku nimeinama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ndiyo wewe?"

"Ndiye mimi, shangazi."

"Kabila?"

Alikuwa anajua. Mwalimu alishamwambia. "Mnyamwezi, shangazi. Wa Tabora."

Akakaa kwenye kiti nilichomwekea, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akabaki miguuni.

"Babu zako walibeba mizigo ya watu toka bara mpaka pwani," alisema. "Mizigo ikaisha. Wewe mbona bado unatembea?"

Sasa, shangazi alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtoto wa Tabora anajua hilo kabla hajajua kuhesabu. Mtani anakutukana nawe unamtukana, anakunyang'anya kitu chako nawe unamnyang'anya chake, na mwenye kununa ndiye mwenye aibu. Baba yangu aliwahi kumvua Mzaramo kofia msibani, mbele ya maiti, na waliokuwapo wakacheka. Lakini pia nilifundishwa kwamba mkwe hataniwi. Mkwe unamwamkia macho chini, unamjibu kwa kifupi, hata kikohozi unakizuia. Huyu mama alikuwa yote mawili, mtani na mkwe, kwenye kiti kimoja, na mie nikachagua ukwe.

"Kweli shangazi," nikasema.

Akangoja. Nikapindua soseji.

"Hivi vidole vya nani unachoma?"

"Ni soseji shangazi. Za ng'ombe. Kulikuwa na pakiti yenye muhuri, ila imeungua."

"Umechoma na muhuri?"

"Samahani shangazi."

"Kwenu Tabora mnakula nini, mbali na asali na maneno?"

"Ugali, shangazi."

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti akinifanyia macho ambayo sikuyaelewa. Alikuja jikoni kama anayetaka kunisaidia bamia, akanong'ona bila kufungua meno.

"Mbona unamjibu kama uko mahakamani?"

"Umesema nimheshimu."

"Nimesema umheshimu, sijasema ufe."

"Ni mkwe wangu."

"Bado hajawa. Na kwa hali hii hatakuwa."

Niliziona dalili mwenyewe. Shangazi alikuwa ameanza kwa sauti ya juu yenye kicheko nyuma yake, na kila nilipomjibu kwa adabu sauti ilishuka kidogo. Nilidhani anatulia. Nilipanga soseji kumi kwenye sinia, zimeiva vizuri, za rangi ya chungu kipya, na mboga nikaziacha wavuni zisipoe. Nikampelekea kwa mikono miwili. Akalipokea sinia, akaliweka mapajani, akalifunika na khanga yake.

"Zimetekwa hizi," alisema. "Zote. Mnyamwezi akae na njaa, safari iwe nyepesi."

Hapo hata mtoto mdogo angejua la kufanya. Mie nilisema, "Hewala shangazi, chukua tu. Zote ni zako."

Mafuta ya biringanya yalisikika yakichirizika kwenye mkaa. Shangazi akafunua khanga taratibu, akanyoosha sinia, akanirudishia na zote kumi.

"Mwanangu," alimwambia mwalimu, kwa upole ambao ulinitisha kuliko maneno yote, "huyu umemtoa wapi? Huyu si Mnyamwezi. Mtu ambaye hana kwao ndiye asiyekuwa na mtani. Nitakuozaje kwa mtu ambaye hana kwao?"

Akaanza kutafuta ndala zake kwa miguu, chini ya kiti.

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa anatazama ukuta. Nimehama miji mingi bila kuumia, nimefunga begi langu kwa dakika kumi na kuondoka nikipiga mluzi, lakini wakati ule, sinia mkono mmoja, koleo mkono wa pili, nilijua kwamba mama huyu akiinuka na kutoka mlangoni, nitahama tena kabla ya mvua, na safari hiyo sitapiga mluzi. Mguu wa kushoto wa shangazi ulishaipata ndala yake. Ya kulia ilikuwa bado imelala karibu na jiko.

Nikaibana na koleo. Nikaiinua juu ya wavu, juu kabisa, pasipo kuungua, katikati ya hoho na bamia.

"Hii haitoki hapa," nikasema.

Shangazi akaganda.

"Babu zangu walipofika pwani na mizigo yao," niliendelea, "waliwakuta babu zenu wamekaa. Wakapumzika, wakarudi bara, miezi mitatu kwa miguu. Wakabeba tena, wakaja. Wakawakuta wamekaa palepale. Wakauliza, nyie vipi? Wakaambiwa subirini, ngoma ikiisha tutainuka. Mpaka leo haijaisha."

Nikaona bega lake moja linaruka.

"Wewe," alisema.

"Na mashamba yote ya Pugu mmeuza, mmechezea ngoma za mwali. Mlichobakiza ni ndala. Hii hapa. Mie nimetembea nchi nzima, nimechoka, nimekuja kwa mabingwa wa kukaa wanifundishe. Kama hamfundishi semeni, niichome hii niile na ndimu."

Mabega yote mawili yakaanza kuruka. Alicheka bila sauti kwanza, kama anayesukumwa na mtu nyuma, kisha sauti ikatoka, akaegemea nyuma mpaka kiti cha plastiki kikapinda miguu, na mwalimu akamdaka mgongo huku naye machozi yanamtoka. Kwa jirani mlango ukafunguka kidogo, ukafungwa.

"Lete ndala yangu, mwizi."

"Lete neno kwanza."

"Utalipata. Lete, inanuka moshi."

Nikampa. Akaivaa, akainuka, akafika pale niliposimama, akanipokonya sinia kwa nguvu ambayo mama wa umri wake hakupaswa kuwa nayo. Safari hii nililing'ang'ania. Tulivutana, mie upande wangu, yeye upande wake, soseji moja ikaanguka akaipiga teke. Alishinda, kwa sababu kwenye kuvutana nilianza kucheka na mtu anayecheka hana mikono.

Tisa zilizobaki alizifunga kwenye khanga ya pili, pamoja na mikate, akajiwekea sinia lote kichwani. Jua lilikuwa linazama na alitaka kuwahi kwake kabla ya giza. Mlangoni aligeuka.

"Sinia lako liko Pugu, mateka. Ukilitaka ulifuate. Usije peke yako kama mbwa aliyepotea. Njoo na wazee wako, na barua iwe ndani ya bahasha safi, isinuke soseji."

"Na wakinitukana?" nikauliza.

"Nani? Mie? Nitawatukana mpaka wakumbuke mizigo."

Bajaji ikaondoka. Mwalimu na mie tulisimama uani hatuna sinia, hatuna soseji, hatuna mkate. Tulikula mboga kutoka wavuni, kwa vidole. Hoho zilikuwa zimelainika mpaka zinajikunja zenyewe, vitunguu vitamu, nyanya chungu zimeshika moshi kwa nje na uchungu wake haukutuudhi. Mwalimu alichomoa bamia kwenye kijiti kwa meno, moja baada ya nyingine, akaniuliza nitawapata wapi wazee, mtu ambaye kila mwaka ana anwani mpya.

Nikampigia baba mdogo wangu, Tabora, mdogo wake marehemu baba, ambaye nilikuwa sijampigia tangu mvua za mwaka uliopita. Simu ilijaa mafuta ya biringanya. Nikaiweka sauti kubwa ili mwalimu asikie.

"Baba, shikamoo. Nataka kuoa. Ni Wazaramo."

Nilisikia mbuzi nyuma yake.

"Umeshaonana na wakubwa wao?"

"Nimeonana na shangazi mtu."

"Amekutukana?"

"Sana, baba. Ametukana mpaka mababu. Na ameondoka na chakula chote."

"Alhamdulillahi," baba mdogo alisema, na nikamsikia akimwita mkewe amtafutie lile begi kubwa. "Msimpeleke mtu mwingine kulifuata sinia. Nakuja mwenyewe."

"Baba, umejuaje kwamba kuna sinia?"

"Kwani atakuwa amebebea mkononi?"

Mwalimu alikuwa amejifunika uso kwa mikono iliyojaa mafuta, na mie nikageuka kuzipindua biringanya, ambazo upande wa chini zilikuwa zimeshaungua.