Uvimbe kwenye Shina la Ulimi

Nilipokuwa mtoto kule Kiringye, usiku ulikuwa na sauti moja: khrrr. Ilikuwa yangu. Niliamka nikiiogopa kana kwamba kuna mtu mwingine amelala kooni mwangu.

Bibi aliamini hivyo hasa. Dada aliyenitangulia alikoroma vivyo hivyo, akafa, na tangu hapo jina lake halikutajwa. Ukilitaja, Bibi alisema, atakuja kumchukua mdogo wake. Basi nilimwogopa dada nisiyemjua hata jina.

Akaitwa mkata kilimi kutoka Luvungi. Kwetu mtoto mwenye koo baya alikatwa kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, kwa chuma kilichopindwa ncha. Mzee aliingiza kidole, akagusa uvimbe kwenye shina la ulimi. Nikatapika damu.

"Kilimi iko mukubwa," alisema. "Kesho nitaleta chuma ingine."

"Ukate yote, baba. Usiache hata kidogo," Bibi alimsihi.

Mama hakungoja kesho. Alinibeba mgongoni, tukapanda lori la pamba mpaka hospitali ya Uvira. Bibi naye akapanda, rozari mkononi, akinung'unika njia nzima: "Weye unapelekea Wazungu mutoto wamupasue!"

Daktari alinimulika kooni, kisha akanipapasa shingo, mbele, pembeni, tena mbele, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Muuguzi akatufasiria.

"Haiko kilimi. Kila muntu iko na tezi hapa mu shingo, inapatia mwili moto na nguvu. Huyu hana. Yake ilibakia kwa ulimi, na iko hiyo moja tu. Mukiikata, atasikia baridi hata mu jua. Uso utavimba. Atasema polepole, atalala, atalala tu."

Bibi akaiweka rozari magotini.

Vidonge nilivyopewa vilitengenezwa kwa tezi ya ng'ombe. Uvimbe ulisinyaa, na ile sauti ikatoweka. Bado nameza kimoja kila asubuhi, na kila asubuhi huwaza kwamba nyumbani kwetu, ila Mama, hakuna aliyekiogopa chuma. Tuliogopa jina.

Lakini siku ile nilijua tu kwamba mkono wa Mama umelishika goti langu.

"Mama," muuguzi aliuliza, "kuna mutoto mwingine walimukata hii kitu?"

Bibi alimziba Mama mdomo kwa kiganja. Mama akakiondoa, taratibu, bila hasira.

"Iko. Walimukata. Alilala vile unasema." Akavuta pumzi. "Jina yake Nabintu."