Nyumba ya Columbia Heights Iliyoniita Mama Alvin

Nyumba tupu iliniita kwa jina la mtoto wangu. Mchana peupe, jua linawaka juu ya theluji, na pombe mimi sigusi.

Tulieni niwape.

Naitwa Wairimu. Tulikuwa tunakaa apartment Maplewood, hapa Minnesota, mimi, mzee wangu Harrison na mtoto wetu Alvin. Wanaonijua wanajua kwangu hakukosi watu. Chama, maombi, birthday. Hata mtu akipita tu mtihani wa kuendesha gari, napika chapati.

Landlord akachoka na sisi. Kelele, magari, viatu vimejaa mlangoni. Akasema mwisho wa Machi tuwe tumehama.

Na kununua nyumba huku siku hizi ni vita. Unaipenda Ijumaa, Jumapili imeenda.

Stacy, ajenti wetu wa nyumba, akatupatia moja Columbia Heights, kale kamji kadogo hapo juu ya Minneapolis. Bei bado ya binadamu. Mzee wa hiyo nyumba alikuwa amekufa, na kijana wake wa Arizona alitaka kuuza haraka.

"Mbona rahisi hivi?" Harrison akauliza.

Nikamwambia, "Wewe nunua. Maswali utauliza ukiwa ndani."

Stacy akatufungulia, akabaki nje na simu yake. Sisi hao ndani, tunapiga domo kwa Kiswahili kwa sauti. Nani atatusikia, si hapa ni kwa wazungu?

Nikashuka basement, chumba cha chini ya ardhi. Wacha! Ukubwa huo! Kichwani nikaiona chama yote imekaa pale.

Halafu nikaona godoro, limetandikwa vizuri. Kando yake, sufuria.

Nikaigusa. Ilikuwa na joto.

Nikamwita Stacy kwa dirisha. Akasema haiwezekani, hakuna mtu ameishi humo tangu mazishi.

"Mama Alvin, hebu panda juu," Harrison akaita.

Nikapanda. Tukasimama sebuleni, tunaangaliana. Ndipo sauti ikatoka juu ya kabati. Ya mwanamke. Pole pole.

"Mama Alvin. Hii nyumba iko na mwenyewe. Mutoke."

Harrison, mwanaume mzima na ndevu zake, alinipita mlangoni kama hanijui.

Stacy akauliza kuna nini. Tukamwambia hatuitaki.

Sasa, mimi na mdomo wangu. Kufika Jumapili kanisa lote lilikuwa na hiyo stori, sisi Wakenya wa asubuhi na Wakongo wa ibada ya mchana. Kila mtu akaongeza chumvi yake. Mwingine akaapa ati mimi nilimwona marehemu amekaa kwa kiti, anakula.

Familia za kwetu zilizokuwa zinaimezea mate hiyo nyumba zikaingia baridi. Ikakaa. Bei ikashuka. Ikashuka tena.

Machi ikatupata bila pa kwenda.

Jumapili moja ikatangazwa maombi ya shukrani: Perpétue, mama wa kwaya ya Wakongo, amepata nyumba. Nani atanikosa kwa sherehe? Tukaenda.

Kufika, nikakatalia kwa gari. Nyumba ilikuwa ile ile.

Perpétue akatoka, mikono wazi. Sikuwa nimewahi kuongea naye.

"Karibu, Mama Alvin."

Nikaitambua. Ile sauti ya juu ya kabati.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ulikimbia sana, mama! Nilikuwa kwa gari langu, hapo ng'ambo. Nilikuona."

Yeye ndiye alikuwa akimhudumia yule mzee. Kamera ya juu ya kabati ilikuwa ya kumchunga asianguke, na ilikuwa inaingia kwa simu yake: anaona, anasikia, na akiongea inatoa sauti yake. Mzee alipokufa, Perpétue hakuwa na pengine pa kulala. Akabaki basement kimya kimya, akingoja benki impe mkopo, akiomba nyumba isiende.

"Wazungu waliona imezeeka, wakaenda. Nyinyi ndiyo mulipenda. Nikasema, nijaribu."

"Ukaniambia ni mzimu!"

"Mimi? Hapana, mama. Mimi nilisema mutoke tu. Mzimu uliweka weye. Ungenyamaza, wengine wangeinunua. Aksanti sana."

Nilitaka kulia. Nilitaka kumrukia. Ndani watu walikuwa wameanza kuimba.

Akanishika mkono, akasogea karibu. "Nasikia mwenye nyumba yenu anawafukuza. Basement iko wazi. Mutakuya?"

Nikamwangalia Harrison. Harrison akaangalia viatu vyake.

Wapendwa, hii naiandika nikiwa huku chini, basement.

Perpétue ni landlord mzuri, sina neno. Ila anajua mambo yetu kabla hatujamwambia.

Funzo langu ni hili: ukienda kuonyeshwa nyumba, funga mdomo mpaka urudi kwa gari, Kiswahili si siri tena huku. Na ukitishwa, tishika peke yako. Ukisambaza woga, hujui ni nani unamshushia bei.

Siku hizi nikitaka kusema kitu na Harrison tunavaa makoti, tunaenda kukaa kwa gari, madirisha yamefungwa, heater inanguruma.

Jana tulikuwa huko, tunanong'ona. Nikainua macho.

Perpétue alikuwa amesimama dirishani juu, anatupungia mkono.