Saa Tatu za Mkanda Mmoja

Kazini walimwita Nusu Saa, na kwa jina hilo hakuonewa. Ukikubaliana naye saa nne, mtarajie saa nne na nusu. Siku ya harusi yake mwenyewe, wageni walifika mahali pa kumuuliza bwana harusi, kwa upole, kama ana hakika bibi harusi anajua ni leo. Lakini mganga hajigangi. Mchelewaji huyohuyo ndiye aliyekuwa akiandika sehemu ya programu inayotunza wakati, katika kampuni ndogo yenye vyumba vitatu juu ya duka la rangi.

Kampuni ile ilikuwa ikitengeneza mkanda. Mama mjamzito anaufunga tumboni akiwa nyumbani kwake, mkanda unasikiliza moyo wa mtoto, unahesabu mapigo, kisha unaonyesha namba kwenye kioo kidogo. Ndani yake mna chipu ndogo kuliko ukucha, na ndani ya chipu hukaa programu mama, wenyewe huiita kiini. Kiini ndicho kinachopanga nani afanye nini na lini: sasa amka, sasa sikiliza, sasa andika namba, sasa lala usije ukamaliza betri. Ila kiini hakina macho. Hakijui kimewekwa kwenye chipu gani wala humo mna saa zipi za kuhesabia, mpaka mtu akieleze. Mtu huyo alikuwa Nusu Saa, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane.

Chipu ya zamani ilikuwa imeadimika sokoni. Ikaletwa nyingine, na yeye akatakiwa azieleze saa zake upya kabla hajaanza likizo ya uzazi. Kazi hii aliipenda mpaka akaona haya kusema. Aliketi mbali na meza kwa sababu ya tumbo, mikono ameinyoosha kama dereva wa lori, akasoma kitabu cha chipu kama wenzake wanavyosoma udaku.

"Humu ndani mna saa tatu," alimwambia mumewe jioni, mdomo umejaa mkate. Mume alikuwa mwoka mikate, na nyumba yao haikukosa mkate hata siku moja.

"Saa tatu asubuhi au saa tatu usiku?"

"Acha utani. Saa, vidude vya kuhesabia. Ya kwanza ina mbio na haikosei, lakini inakula betri kama mchwa. Kwa hiyo mkanda ukilala, na yenyewe inazimwa. Ya pili ni ya polepole, haili kitu, na hailali kamwe. Ya tatu ni mlinzi. Kazi yake kukizaba kiini kofi kikizubaa, kianze upya."

"Kama mama yangu."

"Kama mama yako kabisa!" Wakacheka hadi chai ikamwagika.

Kwa kila saa aliandika maelezo mafupi. Inahesabu kwa kasi gani. Inafika wapi kabla ya kurudi sifuri na kuanza upya. Mkanda ukilala, yenyewe inalala au inakesha. Na la mwisho, kiini kiiamini kiasi gani. Ni mistari michache tu, lakini kosa la hapo ni kosa la kila mahali, maana kiini hakibishani. Ukikiambia sekunde ina urefu huu, basi sekunde ndiyo hiyo. Na kwa kuwa mkanda hulala na kuamka kati ya pigo na pigo ili kubana betri, kazi ya kupima mapigo aliipa ile saa ya pili, isiyolala, na akaiandikia imani kamili.

Wakaujaribu mezani. Spika ndogo ilitoa sauti ya moyo uliorekodiwa, du-du, du-du, na mkanda ukaisoma bila kupunguza wala kuzidisha. Fundi Bodi, bwana mmoja mrefu aliyechora bodi ya mkanda, kile kibao kinachobeba chipu, na ambaye kwa kawaida maneno yake ungeyanunua kwa mnada, alipiga meza kwa kiganja.

"Imekubali! Sasa tuufunge kwenye tumbo la kweli."

Ofisi nzima ikamgeukia Nusu Saa.

"Mbona mnanitazama kama keki?"

Hata hivyo alijilaza mwenyewe kwenye kochi la chumba cha mikutano, roho ikimdunda kwa furaha. Mkunga wa zahanati ya jirani, aliyekuwa mshauri wao, alikuja na saa yake iliyobandikwa kifuani na kile kipembe cha kusikilizia. Wote walimwita Bi Mkunga. Aliinama, akaweka sikio, akafumba macho, akahesabu dakika nzima.

"Mia na arobaini. Katulia huyu, Mungu amtunze."

Mkanda ulikuwa unaonyesha mia na hamsini na moja.

Wakarudia. Mkunga akapata mia na arobaini na mbili, mkanda ukapanda hadi mia na hamsini na tatu. Furaha yote ikakauka chumbani kama maji kwenye pasi.

"Mwanangu," mkunga alisema, akimsaidia kuketi, "mkanda huu mimi siwapi kina mama. Mtu yuko peke yake nyumbani, anaona namba hii, atakimbilia hospitali akiwa na presha. Na huo ni upande wa nafuu. Leo unazidisha. Siku ukipunguza, mtoto aliye taabani utamwonyesha mzima. Nitarudi Ijumaa. Kama hamjapata dawa, tusipotezeane muda."

Fundi Bodi alishikilia kuwa maikrofoni inachanganya moyo wa mama na wa mtoto. Akaibadilisha. Namba haikutikisika. Nusu Saa akaenda na mkanda nyumbani, akaufunga akiwa jikoni, na mumewe alipokiona kioo alibwaga kisu.

"Twende hospitali."

"Mtoto mzima. Mkanda ndio mgonjwa."

"Una uhakika?"

"Mkunga kasikiliza leoleo," akasema. Lakini alipobaki peke yake aliweka mkono tumboni na kusubiri teke. Likaja, tena la nguvu, na hapo ndipo alipovuta pumzi.

Asubuhi alipoufunga tena mkanda ofisini hakuondoa macho kwenye kioo. Mia na arobaini na moja. Akashangaa. Namba ya kweli! Akaketi kimya asije akaitisha. Baada ya muda, mia na arobaini na nne. Halafu mia na arobaini na saba. Ikawa inapanda taratibu, kama mtu anayepanda ngazi akijua hakuna anayemwona. Akaufungua, akauacha mezani hadi akamaliza chai yake, akaufunga tena. Ikaanza chini, mia na arobaini. Ikapanda tena.

Aliweka kiganja juu ya mkanda. Ulikuwa na joto, joto lake mwenyewe.

Akakivuta kile kitabu cha chipu kwa pupa, karatasi zikakunjana. Saa ya pili, kasi yake hii hapa, jinsi alivyoinakili. Na chini yake, kwa herufi za kutafuta kwa tochi: *katika joto la kawaida la chumba*. Maneno hayo aliyasoma wiki iliyopita na akayapita kama mtu anavyompita jirani asiyemdai salamu.

Akasimama, kama kusimama kwa miezi minane kunaitwa kusimama.

"Chupa! Nipeni chupa ya maji ya moto! Na taulo! Na ile spika!"

"Uchungu umeanza?" Fundi Bodi aliruka kitini, rangi imemtoka.

"Uchungu gani! Chemsha maji, bwana!"

Akachemsha. Wakajaza chupa kubwa ya plastiki maji ya uvuguvugu wa mwili, wakaizungushia taulo, wakapachika ile spika ya du-du, wakaifunga mkanda kiunoni. Wakaizunguka kama wakwe wanaosubiri habari njema. Chupa haina moyo wa mama wala mtoto anayejigeuza. Kama lawama ni ya maikrofoni, namba itatulia.

Ikapanda.

"Inapanda!" Nusu Saa alipiga kelele. "Inapanda, jamani, angalieni! Chupa ina mimba!"

"Isije ikawa bahati tu," alisema Fundi Bodi, lakini naye alikuwa ameinama hadi pua inagusa kioo.

"Basi tuipe baridi."

Wakakimbilia jokofu la ofisi. Chakula cha mchana cha Fundi Bodi kikatolewa nje bila kesi wala rufaa, na mkanda pamoja na spika yake vikaingia ndani. Walisubiri wakiwa wamesimama, hakuna aliyerudi mezani kwake. Walipofungua mlango, namba ilikuwa imeshuka chini ya ile ya kweli, imeshuka kabisa, haina ubishi.

Nusu Saa alicheza pale mbele ya jokofu, mkono mmoja kiunoni, mwingine chini ya tumbo. Hakuwa amewahi kuona kitu kizuri namna ile. Siku zote kasi ya saa kwake ilikuwa ni namba ya kuandika, ikishaandikwa imekwisha. Kumbe ni kitu chenye mwili, kinachopata joto na baridi kama yeye!

"Ikipata joto inasinzia," alimweleza Fundi Bodi, maneno yakikimbizana. "Inahesabu polepole. Mapigo ni yaleyale, lakini yenyewe inadhani muda uliopita ni mdogo. Kwa hiyo kiini kinaona moyo unakimbia. Ni mimi niliyekiambia kiiamini!"

"Basi tumia ile ya mbio kupima mapigo."

"Betri?"

Fundi Bodi akakuna kichwa. "Betri itakufa kabla mama hajamaliza kupika."

Wakabishana hadi chakula chake, kilichokuwa kimepashwa moto, kikapoa tena. Fundi Bodi alitaka kuchora bodi mpya yenye saa nyingine, kazi ya miezi. Nusu Saa alitembea huku na huko akijishika mgongo, kisha akasimama katikati ya chumba.

"Tusiifukuze. Tuipime! Kila mkanda unapoamka, ile ya mbio si inaamka pia? Basi kwa kufumba na kufumbua imsimamie mwenzake: hebu hesabu nikuone. Kiini kijue leo, kwa joto hili, huyu anachelewa kiasi gani, kirekebishe, halafu ile ya mbio irudi kulala."

"Kufumba na kufumbua tu?"

"Kufumba tu. Kufumbua nakuachia."

Fundi Bodi akachukua kalamu, akapiga hesabu ya betri, akaipiga tena. Kisha akatabasamu, jambo ambalo wengine ofisini walikuwa hawajawahi kulishuhudia. "Andika," akasema.

Akaandika. Katika maelezo ya saa ya pili alifuta imani kamili, akaweka imani ndogo, na chini yake akaongeza amri ya kupimwa kila baada ya usingizi. Ya mbio ikapewa cheo cha kuwa mzani wa wenzake. Chupa ikapewa mimba mara nyingi wiki hiyo, moto na baridi, na mkanda haukuyumba tena.

Ijumaa Nusu Saa alifika mapema mno, akakuta hata mlango wa chini haujafunguliwa. Muuza rangi alipomwona ameketi kwenye ngazi alidhani kuna msiba.

Bi Mkunga alipokuja hakutaka maelezo. "Kwanza nisikilize. Kioo kifunikeni, nisikione." Akamwacha Nusu Saa amevaa mkanda hadi ukapata joto sawasawa, ndipo akaweka sikio na kufumba macho. Fundi Bodi alikuwa anang'ata kifuniko cha kalamu. Dakika ikaenda kama mwaka.

"Mia na thelathini na nane," alisema mkunga.

Nusu Saa akafunua kioo. Mia na thelathini na nane.

"Turudie," mkunga akasema kwa ukali, lakini midomo ilikuwa imeanza kumcheza. Akarudia, akarudia tena baada ya kumtembeza chumba kizima ili mtoto achangamke. Namba zikapanda pamoja, zikashuka pamoja. Mwishowe akakiweka kile kipembe mezani, akacheka cheko la mwanamke aliyepokea watoto wa nusu ya mji.

"Haya! Nipeni mikanda ya kuanzia. Nina wanawake wanaokaa mbali, hawa ndio watakuwa wa kwanza."

Kelele zilizopigwa chumbani zilimfikisha muuza rangi juu mbio, brashi mkononi.

Mtoto alizaliwa wiki iliyofuata, wa kike, mikononi mwa mkunga yuleyule. Mwoka mikate alilia kuliko mtoto.

Miezi ikapita. Siku moja Nusu Saa alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, binti yake amemfunga kifuani, mbele yake kasimama mama mmoja kijana mwenye tumbo kubwa. Yule mama alipoinua mkono kujipepea, gauni likabana, na chini yake kikajitokeza kitu cha mraba, cha ukubwa wa kiberiti. Nusu Saa alikijua kabla hajafikiri. Yule mama akaingiza kidole chini ya nguo, akachungulia kioo, akapiga mluzi mdogo wa furaha.

Maneno yalimjaa Nusu Saa mdomoni. Alitaka kumwambia habari za chupa, na za jokofu, na za ile isiyolala inayosinzia ikipata joto.

"Anasemaje?" akauliza tu.

"Anasema yuko salama, dada yangu," yule mama akajibu, na uso wote ukamng'aa. "Kila asubuhi nikiamka namsalimia, naye ananijibu kwa namba."

"Na leo je?"

"Leo ana mbio kidogo. Nadhani amesikia tunanunua peremende."

Wakacheka wote wawili hadi mwenye duka akainua kichwa. Nusu Saa alitoka pale akitembea upesiupesi, karibu aruke, binti yake akitikisika kifuani na kucheka kwa sababu mama yake anacheka.